Gundi Inayoamshwa na Nuru: Jinsi Jino Bovu Linavyookolewa

Jino likianza kuuma, wengi wetu hapa Arua na Koboko tunajua dawa moja tu: ling'olewe. Askari akirudi kutoka zamu ya usiku na shavu limevimba, mkewe humwambia, “Baba watoto, nenda ukaling'oe upate usingizi.” Mtoto akilia usiku kucha, bibi yake hukagua kinywa kwa taa, akaonyesha kwa kidole jino lenye weusi, na kesho yake safari ni kwa mng'oaji. Kung'oa jino kuna mahali pake, wala hatuandiki makala haya ili kuwatia watu hofu ya koleo la daktari. Lakini meno mengi yanayotupwa yangeweza kubaki kinywani miaka mingi zaidi, kama wenyewe wangalifika hospitali mapema. Na jino la ukubwani likisha kung'olewa, halioti tena.

Juma hili, ndugu msomaji, tutaeleza namna moja ya kuliokoa jino: kulizibia dawa laini ambayo daktari huigandisha kwa taa yenye nuru ya buluu. Watu waliokwisha kuiona taa hiyo hudhani kwamba inaoka dawa kwa moto, kama fundi anavyochoma matofali. Sivyo. Kazi yake ni ya kemia, na mtu akiielewa atajua pia kwa nini kizibo kingine hudumu miaka mingi na kingine huanguka baada ya mwezi mmoja. Atajua vilevile sehemu yake mwenyewe katika kazi hiyo, kwa maana mgonjwa naye ana wajibu.

NURU KAMA FUNDI

Tuanze na jambo ambalo wengi wameliona mjini. Mtu anayechapa fulana za timu ya mpira au za shule ana fremu ya mbao iliyovutwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo. Katika chumba cha giza huipaka dawa nzito kama uji, akaiacha ikauke. Kisha huweka juu yake picha iliyochorwa kwa wino mweusi, akaitoa kwenye jua au chini ya taa kali. Baadaye huiosha kwa maji. Pale nuru ilipopiga, dawa imekuwa ngumu na imeng'ang'ania nyuzi za kitambaa hata maji hayaitoi. Pale palipokuwa na kivuli cha picha, dawa imebaki laini na inaondoka. Ndipo wino unapopita katika matundu hayo na kuchora jina la timu kifuani.

Maarifa hayo ni ya siku nyingi. Mnamo mwaka 1839 Mskoti mmoja, Mungo Ponton, alitangaza kwamba karatasi iliyotiwa chumvi ya dikromati hubadilika inapopigwa na jua. Wengine waliomfuata wakagundua kwamba gelatini iliyochanganywa na chumvi hiyo hugeuka ngumu kwa nuru, isiyeyuke tena majini. Nuru, basi, inaweza kufanya kazi ya fundi: kukiunganisha kitu na kitu kingine, mahali pale tu inapoelekezwa, na kwa wakati ule tu inapowashwa.

Wataalamu wameiendeleza kanuni hiyo mbali sana. Siku hizi kuna kemikali ambazo tunaweza kuzifananisha na mtu mwenye mikono miwili. Mkono mmoja umekwisha kushika kioo, chuma au plastiki. Mkono wa pili umelala. Gizani haushiki kitu. Ukipigwa na nuru ya rangi inayoufaa, huamka mara moja na kukamata molekuli iliyo karibu, yaani chembe ndogo kabisa ya kitu, na isiachie tena. Mwaka 1991 kundi la wataalamu huko California, Marekani, walitangaza kwamba wametumia nuru kujenga juu ya kipande kimoja cha kioo vipande vidogo vya protini vya aina zaidi ya elfu moja, kila kimoja mahali pake. Kazi za namna hiyo zimesaidia kutengeneza vifaa vya kuchunguza maradhi. Lakini kemia ya ndugu hiyo inayoifikia familia ya kawaida haimo katika maabara ya mbali. Imo katika chumba cha daktari wa meno.

TATIZO LA KUSHIKANA

Kinywa ni mahali pagumu kwa gundi. Pana maji wakati wote. Chai ya moto na maji baridi hupita. Na magego husagana kwa nguvu kubwa kila siku. Kwa sababu hiyo, kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari walizibia meno mchanganyiko wa zebaki, fedha na madini mengine. Mchanganyiko huo ni imara, lakini wenyewe haushikamani na jino. Daktari alilazimika kuchonga tundu liwe pana chini kuliko mdomo wake, kama chungu, ili kizibo kisichomoke. Maana yake ni kwamba sehemu nzima ya jino ilikatwa pamoja na iliyooza.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1955 na daktari wa meno Michael Buonocore wa Rochester, New York. Alijua kwamba viwandani watu hupaka chuma asidi ya fosforiki kabla ya kupaka rangi, ili rangi ishike. Wasomaji wetu waliowahi kupaka rangi magari au milango ya kambi wanaelewa: chuma kinachoteleza hakishiki rangi, sharti kwanza kikwaruzwe. Buonocore alijaribu asidi hiyo juu ya enameli, yaani ganda gumu jeupe la jino. Asidi ilikula sehemu ndogo mno ya ganda na kuacha vijishimo visivyoonekana kwa macho. Dawa laini ilipopakwa iliingia humo, na ilipoganda ilishika kama mizizi katika udongo.

Mwaka 1962 Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, alipata hataza ya rezini mpya ambayo hadi leo ni msingi wa dawa nyingi za kuzibia. Ikichanganywa na unga laini wa kioo, hupata ugumu na rangi inayokaribia ile ya jino lenyewe. Lakini dawa za mwanzo ziligandishwa kwa kuchanganya vitu viwili, na daktari alikimbizana na saa kabla havijawa vigumu. Katika miaka ya 1970 zilikuja taa za nuru isiyoonekana, ile ya urujuanimno, ambayo ina hatari kwa macho na haikupenya sana. Kufikia mwisho wa miaka hiyo madaktari walihamia kwenye nuru ya buluu inayoonekana, nayo ndiyo inayotumika mpaka sasa.

KAZI INAVYOFANYIKA

Kwanza daktari huondoa sehemu iliyooza. Ikihitajika hupiga sindano ya ganzi. Halafu hupaka asidi juu ya enameli kwa muda mfupi, mara nyingi kati ya sekunde 15 na 30, akaiosha kwa maji na kupangusa. Ziko pia dawa za siku hizi ambazo zina asidi yake ndani, na haziihitaji hatua hiyo peke yake.

Pili hupaka gundi nyembamba. Hii ndiyo yenye mikono miwili. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ina unyevu na nyuzi za protini. Rezini tupu haipatani na unyevu huo, kama mafuta na maji. Basi gundi ina molekuli ambazo ncha yake moja hupatana na maji na kuingia kati ya nyuzi za dentini, au kushika kalisi ya jino; na ncha ya pili hupatana na rezini. Hewa hupulizwa polepole ili majimaji ya ziada yakauke. Kisha taa huwashwa.

Ndani ya gundi na dawa kumetiwa kiasi kidogo cha unga wa manjano uitwao kamforokwinoni, kitu kinachotokana na kafuri, ile ile ambayo wazee wetu wanaijua kwa harufu yake. Unga huo hunyonya nuru ya buluu, hasa yenye urefu wa wimbi wa nanomita 470 hivi. Ukiisha kuinyonya, kwa msaada wa kemikali nyingine huzaa chembe zenye haraka ya kuungana. Chembe moja huikamata molekuli ya rezini, hiyo huikamata ya pili, ya pili ya tatu, kama askari kwenye gwaride wanaoshikana mikono mstari baada ya mstari. Kwa muda wa sekunde chache dawa iliyokuwa laini kama ugali mbichi huwa ngumu kama jiwe.

Tatu daktari hujaza tundu kwa tabaka, si kwa mkupuo mmoja. Kwa dawa za kawaida kila tabaka halizidi milimita 2, na kila moja humulikwa kwa muda wake, mara nyingi sekunde 20 hivi kwa kadiri ya taa na dawa yenyewe. Sababu zipo mbili. Nuru hupungua kadiri inavyoingia ndani, hivyo tabaka nene huwa gumu juu na laini chini. Na dawa inapoganda hunywea kidogo. Ikijazwa yote kwa mara moja huvutana na kuta za jino na kuacha ufa mdogo, ambamo vijidudu huingia na kuanza kuozesha tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona daktari anajaza kidogo kidogo na kumulika mara nne au tano, usimwone mzembe wala usimharakishe. Huyo ndiye anayeijua kazi yake.

WAJIBU WA MGONJWA

Tone moja la mate juu ya jino lililopakwa asidi, au juu ya gundi ambayo haijaganda, linaweza kuharibu kazi yote. Vijishimo vilivyofunguliwa huzibwa na protini za mate, na molekuli zetu za mikono miwili hazina tena pa kushika. Ndiyo maana daktari huweka pamba shavuni, au karatasi ya mpira inayolitenga jino, na mrija wa kuvuta mate. Ukiambiwa usifunge kinywa, usifunge. Ukitaka kutema, inua mkono kwanza.

Usiiangalie taa ya buluu kwa macho matupu. Nuru yake ni kali, na daktari mwenyewe hujikinga kwa kioo cha rangi ya machungwa ambacho huizuia. Mama anayemshika mtoto kichwa naye ageuze uso wake pembeni wakati taa inapowaka.

Taa nayo ina masharti. Taa iliyopungua nguvu bado huonekana ya buluu kwa macho, lakini hugandisha dawa juu tu. Ncha yake ikishikwa na mabaki ya dawa, au ikiwekwa mbali na jino, nuru inayofika ni kidogo. Hapa kwetu kuna sababu ya kulitilia jambo hili uzito. West Nile iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa ya umeme. Watu walitegemea jenereta, na kuanzia mwaka 2012 maporomoko ya Nyagak katika Wilaya ya Zombo, ambayo mtambo wake wa kwanza ni wa megawati 3.5 tu. Taa za siku hizi hutumia betri ya kuchajiwa, na hilo ni neema. Lakini betri isiyopata chaji kamili haiwezi kutoa kile isichokuwa nacho. Si utovu wa adabu mgonjwa kuuliza, “Daktari, taa yako imepimwa lini?” Daktari mwema hatachukia.

PASIPO NA TAA

Je, mtu aliye mbali na mji, au kituo kisicho na umeme, hakuna njia? Ipo, na nusu ya habari yake ni ya Afrika Mashariki yenyewe.

Mwaka 1972 wanakemia wawili wa Uingereza, Alan Wilson na Brian Kent, walitangaza saruji ya meno inayotengenezwa kwa unga wa kioo na asidi ya namna ya pekee. Saruji hiyo haihitaji taa. Yenyewe hushikana na kalisi ya jino kwa nguvu za kemia, hata penye unyevu kidogo, na hutoa floraidi polepole, ambayo hulisaidia jino kupigana na uozo. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, katika kazi za afya ya meno zilizohusiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu akiwamo Mholanzi Jo Frencken walianza njia ya kuondoa uozo kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashine ya kutoboa, na mara nyingi bila sindano. Kisha tundu huzibwa kwa saruji. Mgonjwa aliweza kulala juu ya meza ya kawaida, hata chini ya mti. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili, mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Njia hiyo hufaa zaidi kwa tundu dogo la upande mmoja wa jino, na kwa watoto wanaoogopa mlio wa mashine. Kwa tundu kubwa, au jino la mbele lililovunjika ambalo mwenyewe anataka lionekane zuri, dawa ya nuru ina ubora wake. Hakuna mashindano kati ya hizo mbili. Kizibo bora ni kile kilichowekwa sawasawa, mapema, na mtu aliyefunzwa.

Lipo pia suala la zebaki. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba mchanganyiko wenye zebaki usitumike katika meno ya utotoni, wala kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona lazima. Mwenye kizibo cha zamani kilicho kizima asikimbilie kukitoa. Lakini mama mjamzito amweleze daktari hali yake kabla kazi haijaanza.

JINO LILILONG'OKA KWA AJALI

Sehemu hii tunaiandika hasa kwa wanajeshi, askari polisi, vijana wa mpira na madereva wa bodaboda. Jino zima la ukubwani linaweza kung'oka kwa kupigwa au kwa kuanguka. Wengi hulitupa. Kumbe linaweza kurudishwa mahali pake, na hapo tena gundi ya nuru hufanya kazi.

Kwanza mtazame mtu mwenyewe. Kama amepoteza fahamu, anatapika, au damu inatoka kwa wingi, apelekwe hospitali kwanza kwa ajili ya kichwa chake. Kama yuko salama, tafuta jino. Lishike kwa sehemu nyeupe inayoonekana kinywani, usishike mzizi. Kama lina vumbi, lisuuze kwa sekunde chache tu kwa maziwa au maji safi baridi. Usilisugue, usilikwangue, usilitie sabuni. Mtu mzima aliye na akili zake anaweza kulirudisha mwenyewe katika shimo lake na kuuma kitambaa safi. Kama haiwezekani, litiwe katika maziwa baridi yasiyo na sukari. Maziwa yakikosekana, ateme mate yake katika chombo safi, jino likae humo. Lisikauke kamwe. Katika mzizi kuna chembe hai, nazo hufa kwa haraka zikikaa katika hewa kavu. Baada ya saa nzima matumaini hupungua sana.

Daktari akilipokea, hulirudisha, kisha huchukua waya mwembamba na kuushikiza juu ya jino hilo na majirani zake kwa dawa ile ile inayogandishwa kwa nuru ya buluu. Waya huo hukaa kwa kawaida majuma mawili hivi, jino likipata kushikana tena na taya. Dakika za mwanzo, basi, zimo mikononi mwa mwenzako wa kikosi. Anayejua haya amwambie asiyejua. Lakini angalieni: jino la utotoni lililong'oka halirudishwi, kwa maana laweza kuharibu jino la ukubwani linaloota chini yake.

SI KILA JINO NI LA KUZIBWA

Uozo ukifika kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya fahamu na damu, kuziba tu hakutoshi. Jino linalouma lenyewe usiku bila kuguswa, au lililotunga usaha, hutaka kusafishwa mizizi yake au kung'olewa. Uso ukivimba pamoja na homa, au mgonjwa akishindwa kumeza au kufungua kinywa, hilo si jambo la kungojea siku ya gulio. Aende hospitali saa ile ile.

Kwa wazazi wa West Nile tuna neno la ziada. Mtoto mdogo ambaye taya lake linavimba upesi, na meno yake yanalegea bila kuoza, asipelekwe kung'olewa meno tu. Inaweza kuwa dalili ya saratani inayoitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala aliyeieleza mwaka 1958. Mkoa wetu una historia katika elimu ya ugonjwa huo. Katika hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, madaktari ndugu wawili, Ted na Peter Williams, walitunza kumbukumbu za wagonjwa wao kwa uangalifu mkubwa. Na katika miaka ya 1970 damu ilitolewa kwa watoto wapatao 42,000 wa West Nile, katika uchunguzi uliosaidia kuonyesha uhusiano wa saratani hiyo na virusi. Uvimbe huo hukua kwa haraka, lakini hutibika kwa dawa mtoto akifikishwa mapema. Jino linalolegea katika taya linalovimba ni kengele. Lisifichwe kwa kung'olewa.

YA NYUMBANI

Nuru ya buluu ina kazi nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtoto akifika umri wa miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya meno yake yote ya utotoni. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kulipisha, wazazi hudhani ni la utotoni, wakalipuuza. Gego hilo lina mifereji myembamba juu yake ambayo mswaki hauifikii. Daktari anaweza kuipaka rezini nyepesi na kuigandisha kwa taa, mifereji ikafungwa kabla uozo haujaanza. Haiumi, na haihitaji kutoboa. Mzazi anayekwenda hospitali kwa shughuli nyingine na aulizie.

Kila mtu apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na mara ya pili iwe kabla ya kulala. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutosheka na dawa kiasi cha punje ya mchele. Mkubwa kidogo, kiasi cha punje ya njegere. Msuwaki wa mti husafisha ukitumiwa vizuri, lakini hauna floraidi. Katika msimu wa maembe, na Arua yetu hainyimwi maembe, nyuzi zinazobaki kati ya meno zitolewe kwa uzi, si kwa msumari wala pini. Soda na biskuti zisipewe watoto kutwa nzima. Sukari inayoonjwa mara kumi kwa siku huozesha meno kuliko ile iliyoliwa mara moja pamoja na chakula.

Na haya tunayakataza kabisa. Usitie maji ya betri katika jino linalouma. Wako wanaosema, “Mbona daktari naye anatumia asidi?” Daktari hutumia asidi nyingine, kwa kipimo, kwa sekunde chache, na huiosha, maji ya betri huchoma fizi na ulimi na kuua jino. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya fizi. Kidonge humezwa, na kikiwekwa juu ya nyama huiunguza. Wala usijizibie jino kwa gundi ya viatu au gundi ya dukani. Gundi ya daktari imetengenezwa kwa ajili ya kinywa, nayo haishiki kwa ujanja wa duka bali kwa kufuata masharti yote tuliyoyataja.

Kabla ya kufunga safari kutoka Koboko, au kutoka vijiji vya mpakani, uliza kwanza katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu: mtaalamu wa meno yupo siku gani, na anaziba au anang'oa tu? Kama kuziba hakuna, muulize kama ana saruji isiyohitaji taa. Kama nayo haipo, akupe barua ya kwenda Arua, hospitali ya rufaa. Barabara ya lami ipo. Kinachowachelewesha wengi ni ile desturi ya kungoja mpaka maumivu yatuondoe kitandani. Jino lenye doa jeusi lisilouma ndilo hasa linaloweza kuokolewa. Likisha kuuma usiku, nafasi imekuwa finyu.

Basi jioni ya leo, baada ya chakula, baba na mama wachukue tochi na kuangalia vinywa vya watoto, mmoja baada ya mmoja, kisha waangaliane wao kwa wao. Atakayekutwa na doa, kesho yake apelekwe.